Sweta Butembo, jasho Beni

Ikweta inapita kusini kidogo ya Butembo, mashariki ya Kongo, kwenye njia ya Lubero. Mgeni aliyekariri darasani kwamba ikweta ni joto huja na fulana nyepesi, kisha saa moja asubuhi anawakuta akina mama wa sokoni wamevaa masweta na pikipiki zimewasha taa kwa sababu ya ukungu. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na ushei. Beni, kilomita 54 hivi kaskazini, iko kwenye mita 1,100 au zaidi kidogo. Kila ukishuka mita 100, joto huongezeka kwa nusu nyuzi na zaidi, kwa hiyo abiria wa Butembo hufika Beni koti liko mkononi.

Tofauti hiyo ya nyuzi tatu nne ndiyo inayogawa mashamba. Huku juu, Butembo na Lubero, ni viazi, kabichi, maharagwe, hata ngano. Kule chini, Beni, Mbau na Oicha, ni kakao, vanila, papai na michikichi. Mvua kubwa huja mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, kisha Agosti au Septemba hadi Novemba. Lakini usidhani miezi mingine ni mikavu. Kakao iliyokwisha kuchachuka huanikwa juu ya turubai kando ya barabara, na wingu likitanda alasiri, nyumba nzima hutoka mbio kulikunja turubai, maana mbegu zikilowa huota ukungu na bei huanguka. Wapo wasio na cha kuanika kabisa: waasi wa ADF wamewafukuza mashambani, na hilo si kosa la mvua.

Kinachonistaajabisha mimi zaidi ni maji. Mvua ya mteremko wa mashariki huingia Ziwa Edward, hutokea Ishango kwa mto Semliki, hupita chini ya Ruwenzori hadi Ziwa Albert, ikawa Nile na kuishia Mediterania. Ya mteremko wa magharibi hushukia msitu wa Ituri, ikaingia mto Kongo hadi Atlantiki. Mwenye shamba juu ya mgongo wa kilima analisha bahari mbili kwa mvua moja.

Ruwenzori yenyewe, yenye kilele cha mita 5,109, si volkano kama Nyiragongo. Ni pande la mwamba lililoinuliwa pale Bonde la Ufa lilipopasuka. Mwaka 1906 Mwitalia Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alipanda vilele vyake vikuu. Sehemu kubwa ya barafu aliyoikuta imekwisha kuyeyuka.

Na bidhaa je? Kongo ina pwani, kweli: kilomita 40 hivi huko Muanda, upande wa pili wa nchi. Ila kontena la mfanyabiashara wa Butembo hushushwa Mombasa, hukatiza Kenya na Uganda, huingilia Kasindi kwenye joto la bondeni, ndipo lianze kupanda milima. Na mvua ikiharibu barabara ya Kasindi, bei hupanda Butembo.