Jembe au pambo?

Limezuka swali miongoni mwa vijana wetu wa mijini ambalo wazazi wengi hulisikia bila ya kulielewa, nalo ni hili: je, mashine ndogo ya kutungia midundo, ile waiitayo sampla, yastahili bei yake? Mzee aliyelelewa kwa gitaa la benga huenda akalipuuza, akidhani ni mzaha wa watoto. Mimi nakataa kulipuuza. Kijana anayeuliza hivyo aghalabu ameshika mkononi akiba ya miezi mingi, na jibu atakalopewa laweza kumpa riziki au kumwachia kisanduku cha kupamba rafu.

Kwa manufaa ya msomaji asiyekijua chombo chenyewe, nieleze kwa ufupi. Sampla hunasa sauti yoyote ile, iwe ya ngoma, ya kayamba, ya utingo wa matatu au ya mlango unaofungwa, kisha huihifadhi chini ya kitufe. Kitufe kikibonyezwa, sauti hulia. Mpigaji akivibonyeza vitufe kwa mpango, mashine huukumbuka mpango huo na kuurudia, na hapo mdundo huwa umezaliwa. Juu ya mdundo huo mwimbaji huja akaweka maneno yake.

Chombo hiki kina historia ya heshima. Mnamo mwaka 1987 kampuni ya E-mu ya Marekani ilitoa SP-1200, mashine iliyoweza kuhifadhi sauti za sekunde 10 hivi tu. Mwaka uliofuata Akai ya Japani, ikishirikiana na mvumbuzi Roger Linn, ikatoa MPC60 yenye vitufe 16, kwa bei iliyokaribia dola 5,000. Kwa mashine hiyo DJ Shadow alitunga karibu albamu nzima mwaka 1996. Nayo MPC3000 aliyoitumia J Dilla, mtunzi wa Detroit aliyefariki mwaka 2006, leo imehifadhiwa Washington katika jumba la makumbusho la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi. Hata hivyo, zote hizo zilikuwa mashine nzito za kukaa mezani, na bila ya umeme wa ukutani hazikufaa kitu.

Jambo lililobadilika ni wepesi na bei. Mnamo Novemba 2023 kampuni ya Teenage Engineering ya Stockholm, Uswidi, ilitoa sampla iitwayo EP-133 K.O. II kwa dola 299. Inatumia betri nne ndogo, ina kipaza sauti chake na spika yake, na inaingia ndani ya mkoba wa shule. Hiyo ndiyo iliyowatia wazimu vijana wetu.

Nimelazimika kuyapima haya kwa sababu mwana wa dada yangu, kijana wa miaka 22 anayeishi Kayole, alinijia akitaka nimwongezee fedha aipate. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola moja, bei hiyo ni kama shilingi 38,600. Ongeza nauli ya mzigo, ushuru, na kodi ya VAT ya asilimia 16, nami nakadiria kuwa ikifika mkononi itakuwa imekaribia shilingi 50,000. Mpwa wangu hufanya kibarua cha mjengo kwa shilingi 800 kwa siku. Kwa hivyo mashine hii ni jasho lake la siku 62, kabla hajala wala kulipa kodi ya nyumba. Hebu tusilisahau hilo tunapozungumza juu ya sanaa.

Wapo watakaosema upesi kwamba kijana huyu hahitaji mashine yoyote, kwa kuwa simu aliyo nayo yatosha. Hoja hiyo ina uzito. Programu kama Koala Sampler hunasa, hukata na kupanga sauti kwa bei ya dola chache tu. Mwenye kompyuta naye anayo FL Studio, iliyotengenezwa Ubelgiji na ambayo ukiinunua mara moja hulipishwi tena kwa matoleo mapya. Tena simu ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti nyingi, ilhali sampla hiyo ya Uswidi ilipotoka ilikuwa na megabaiti 64 peke yake. Ukilinganisha kwa karatasi, simu imeshinda kabla mchuano haujaanza.

Walakini muziki hautungwi kwenye karatasi. Simu ya mpwa wangu ndiyo benki yake ya M-Pesa, ndiyo anayoitiwa kazi na msimamizi wa mjengo, na ndiyo anayoazimwa na jirani. Kila mdundo unapoanza kunoga, simu hulia. Isitoshe, umeme wetu tunaujua. Mnamo Agosti 2023 karibu nchi nzima ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, na mitaani kukatika kwa stima si habari ya kuandikwa gazetini. Mashine ya betri isiyopokea simu wala ujumbe ina faida ambayo tajiri wa studio hawezi kuiona kwa urahisi.

Hata udogo wa nafasi yake si aibu tupu. Waliotumia sekunde 10 za SP-1200 walilazimika kuchagua sauti chache na kuzitumia vyema. Mwenye sauti elfu kumi simuni hushinda akizisikiliza moja moja hadi usiku unamwishia bila ya wimbo. Uchache humfunza mtu kuamua, na katika kazi ya kutunga, kuamua ni nusu ya safari.

Sasa basi, tupime vipi? Wengi hukosea kwa kuuliza, "Mashine hii inaweza kufanya nini?" Jibu la swali hilo halina mwisho, na muuzaji analijua. Swali linalofaa ni hili: ni kazi ngapi zitakamilika kwa sababu ya mashine hii, ambazo bila yake zisingekamilika? Mpwa wangu huuza mdundo mmoja kwa shilingi 2,000 kwa waimbaji wa injili wa mtaani. Alinipigia hesabu kwa furaha: "Mjomba, midundo 25 tu, nayo imejilipa!" Nikamjibu kwamba midundo ambayo angeiuza hata kwa simu haiwezi kuhesabiwa kuwa faida ya mashine. Faida ya mashine ni ile ya ziada peke yake.

Nikamwomba anifungulie simu yake tuhesabu pamoja. Alikuwa ameanza midundo 40, akakamilisha 6. Tuliipitia ile 34 iliyosalia, na kwa kila mmoja nikamuuliza kilichouzuia. Mingine, kama nusu yake, ilikatizwa na simu, na chaji, na kelele za chumba. Ile nusu nyingine ilikuwa na kipande kimoja kizuri cha mapigo manane kilichojirudia mpaka kikachosha, kwa sababu hakujua namna ya kukifikisha kwenye kiitikio, wala namna ya kukimaliza. Hapo ndipo nilipouona ukweli wa jambo hili. Mashine ingeiponya nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni maradhi ya elimu, na hayana tiba dukani.

Kuna na gharama nyingine isiyoandikwa kwenye boksi, nayo ni sheria. Urahisi wa kunasa sauti huwafanya vijana wachukue nyimbo za watu na kuzikatakata. Tangu Desemba 1991, mahakama ya New York ilipoamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ya idhini, dunia ya muziki ilijua kwamba kipande ni mali ya mtu. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi wenyewe kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hivyo hata santuri kuukuu ya benga ambayo rekodi yake imepitwa na muda huo yaweza kuwa na utunzi ambao bado una mwenyewe. Mdundo usioweza kuuzwa kwa haki haumsaidii mtu kuilipa mashine.

Lakini hapo hapo ndipo ninapoona utajiri wa chombo kinachobebeka. Kijana hawezi kuibeba studio hadi Siaya akanase nyuzi nane za nyatiti ya babu aliyekubali kurekodiwa, wala hadi Kilifi akanase kayamba arusini. Sampla yenye betri aweza kuibeba. Sauti aliyoinasa mwenyewe, kwa ruhusa ya mpigaji na kwa malipo ya haki, hakuna kijana wa Atlanta wala wa London aliye nayo. Tukumbuke kwamba genge ilipovuma Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, haikupendwa kwa ughali wa vyombo bali kwa kuwa iliongea kama mtaa.

Uamuzi wangu, basi, niliutoa kama ifuatavyo. Akiba yake ya shilingi 25,000 asiiguse, aiweke kwenye chama. Mimi nikamlipia shilingi 8,000 akae Jumamosi nane na mtayarishaji mzoefu wa mtaani, ajifunze jinsi wimbo unavyoanza, unavyopanda na unavyokoma. Akikamilisha nyimbo 12 kwa simu hiyo hiyo, pamoja na makelele yake, nitamjazia kilichopungua ainunue mashine, tena kwa moyo mkunjufu. Hakufurahi. Aliniambia, "Mjomba, muziki si hesabu." Ni kweli, si hesabu. Lakini siku 62 za kubeba mawe ni hesabu, na mgongo unaozibeba ni wake.

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Wazazi wengine hulitumia neno hilo kuwanyima vijana kila kitu, nami sikubaliani nao, kwa maana hakuna aliyelima kwa kucha. Ninyi wazazi, msiicheke mashine kwa kuwa ni ndogo na ina vitufe kama vya mchezo, imewalisha watu. Nanyi vijana, kabla hamjatoa shilingi ya kwanza, hesabuni kazi mlizozikamilisha kwa kile mlicho nacho, na mjiulize kwa unyofu ni nini kilichozizuia nyingine. Kizuizi kikiwa ni chombo, nunueni bila ya woga, kwani bei hiyo ni halali. Kizuizi kikiwa ni kutojua, tafuteni mwalimu kwanza, maana bila ya ujuzi hata MPC ya Washington ingelala chumbani mwenu kama inavyolala sasa ndani ya jumba la makumbusho.