Kila Neno na Mahali Pake

Mwanafunzi anayekariri upesi husifiwa kuwa na akili, na anayesahau huambiwa ana kichwa kizito. Hukumu hiyo imezoeleka majumbani na madarasani, lakini utafiti hauiungi mkono. Mwaka 2003 Eleanor Maguire wa University College London na wenzake waliwapima watu 10 waliosifika kwa kumbukumbu, wengi wao washindani wa Mashindano ya Dunia ya Kumbukumbu, wakawalinganisha na watu wa kawaida. Akili zao hazikuwazidi wenzao, wala ubongo wao haukuwa na umbo la pekee. Tofauti ilikuwa katika kazi waliyoifanya walipokuwa wakikariri: karibu wote walitumia mbinu ya kugeuza waliyopewa kuwa picha na kuzipanga picha hizo kwenye njia wanayoijua. Kukumbuka, basi, kwa sehemu kubwa ni ufundi wa kupanga, na ufundi hufundishika.

Mbinu yenyewe ni kongwe. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, aliieleza mwaka 55 KK katika kitabu chake De Oratore, akimtaja mshairi Mgiriki Simonides kuwa mwasisi wake. Mtu huchagua mahali anapopajua vizuri, akapapitia akilini kwa mpangilio usiobadilika, na kila kituo akakiwekea picha ya jambo moja. Chukua mwenyekiti wa chama cha ushirika anayetaka kuhutubia bila karatasi juu ya maji, mbolea, mikopo na soko. Barazani kwake auone mtungi unafurika na kulowesha mkeka. Mlangoni, gunia la mbolea limeziba njia. Sebuleni, mhasibu anahesabu noti juu ya kochi. Uani, wachuuzi wananadi mafungu ya nyanya. Akisimama mbele ya wanachama, ataipita nyumba yake kimawazo na kuikuta kila hoja pale alipoiweka. Kuzipitisha hoja nyumbani namna hii si kazi ya ziada isiyo na faida. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya, ndiyo pia inayotusaidia kujua tulipo. Mtafiti wa ubongo John O'Keefe alilitambua jambo hilo mwaka 1971 kwa kuchunguza seli za panya zinazochangamka mnyama anapofika mahali fulani, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Anayepanga maneno kwenye vyumba anautumia uwezo ambao ubongo tayari unao.

Huenda mtu akasema kwamba mabingwa hao walizaliwa na uwezo usioonekana kwa vipimo. Jibu lilitolewa mwaka 2017 na Martin Dresler na wenzake, waliochukua watu 51 wasio na uzoefu wowote na kuwagawa makundi matatu. Kundi lililofundishwa mbinu ya mahali lilifanya mazoezi ya nusu saa kwa siku, kwa siku 40. Mwanzoni lilikumbuka wastani wa maneno 26 kati ya 72; mwishoni, 62. Kundi lililozoezwa kumbukumbu ya muda mfupi bila mbinu hiyo liliongeza maneno 11, na lisilozoezwa chochote likaongeza 7. Baada ya miezi minne, waliofundishwa mbinu walikuwa bado wanakumbuka maneno 22 zaidi ya walivyoanza.

Wengine hukata tamaa kwa kuambiwa kwamba picha lazima iwe kioja. Keith Wollen na wenzake walilipima dai hilo mwaka 1972 kwa michoro ya vitu viwili viwili, kama piano na sigara. Kilichosaidia ni vitu kuhusiana ndani ya picha, mathalani sigara kuwekwa juu ya piano. Ukioja peke yake haukuongeza kitu. Kwa hiyo asiye na ubunifu wa ajabu asijitoe. Autafute uhusiano: kitu kimoja kikibebe, kikimwagie au kikizuie kingine.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kukariri si kuelewa. Ni kweli, na mbinu za aina hii zina mipaka. Mwaka 1980 Anders Ericsson na wenzake walieleza habari za mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyefanya mazoezi kwa zaidi ya saa 230, akapanda kutoka kukumbuka tarakimu 7 hadi 79 kwa kuzihusisha na muda wa mbio, kwa kuwa alikuwa mkimbiaji. Alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye sita hivi. Mazoezi hayakuikuza kumbukumbu yake yote. Yalimpa mfumo wa kuzipanga tarakimu. Vivyo hivyo, anayezipanga hatua za usanisinuru kwenye vyumba hajajua bado kwa nini jani huhitaji mwanga. Lakini hawezi kuijenga hoja mtu ambaye kila mara hupotewa na istilahi na mfuatano wa hatua. Taswira huyashika mambo ili ufahamu upate cha kufanyia kazi.

Ndiyo maana si haki kumdai mtoto akariri bila kumwonyesha namna. Mwalimu anayetoa orodha ya kukariri aonyeshe pia jinsi ya kuihusisha na mahali, kisha awape wanafunzi nafasi ya kuikumbuka bila daftari leo, kesho na wiki ijayo, kwa sababu kujipima hulidumisha somo kuliko kulisoma tena. Hapo tu ndipo matokeo yatakapopima juhudi ya mtoto, badala ya bahati ya kuigundua mbinu peke yake.