Ukucha Ukivunjika, Nani Alipe?

Mwaka 1954 daktari wa meno wa Philadelphia, Marekani, aitwaye Frederick Slack, alivunjika ukucha akiwa kazini. Hakwenda mbali kutafuta dawa. Mbele yake kulikuwa na akriliki, ileile aliyoitumia kutengenezea meno, na karatasi ya alumini. Aliipenyeza karatasi chini ya ncha iliyobaki, akajengea akriliki juu yake, akasubiri ishike, na ukucha ukarudi. Baadaye yeye na nduguye waliugeuza ujanja huo kuwa biashara. Kwa hiyo kucha za akriliki, hizi zinazobandikwa leo kuanzia Sinza hadi Eastleigh, zilianza zikiwa tiba ya ukucha uliovunjika. Urembo ulifuata nyuma.

Mafundi wa kucha wanaijua Jumatatu. Harusi zimekwisha, vyombo vimeoshwa, na wateja wanaingia saluni wameshikilia kidole kimoja. "Dada, kazi yako haikukaa hata wiki!" Fundi naye ana lake: "Mpenzi wangu, huu uliufanyia nini?" Ziko saluni zinazorekebisha bure ndani ya siku chache za kwanza, ziko zinazotoza kwa kila kidole, na ziko zisizo na utaratibu wowote, ambapo anayeshinda ni mwenye sauti kubwa zaidi. Wateja wengi hupotea hapohapo. Nao ugomvi wenyewe hauna sababu, kwa maana ukucha uliovunjika unaonyesha ulivyovunjika, mradi fundi autazame vizuri kabla hajashika tupa.

Kuusoma kunataka kwanza kujua ulivyotengenezwa. Fundi anachovya brashi kwenye maji yenye harufu kali, anagusisha unga, na kijidonge kinajikusanya kwenye ncha ya brashi. Yale maji, kwenye bidhaa nzuri, ni ethili methakrilati: molekuli ndogondogo, kila moja peke yake. Unga ni molekuli za jamii hiyohiyo ambazo kiwandani zimeshaunganishwa kuwa minyororo mirefu, na umechanganywa na benzoili peroksaidi kidogo. Ndani ya maji nako kuna kichapuzi, kemikali ya kundi la amini. Viwili hivyo vikikutana, peroksaidi inavunjika na kutoa vipande visivyotulia. Kila kipande kinainasa molekuli moja ya maji, hiyo inanasa ya pili, ya pili ya tatu, hadi minyororo mipya inazizunguka chembe za unga na kuzifunga pamoja.

Shughuli hiyo hutoa joto, ndiyo maana mteja husikia kidole kikipata moto kidogo. Baada ya dakika chache ukucha ukigongwa kwa mpini wa brashi unatoa mlio mkavu, na fundi anaweza kuanza kupiga tupa. Lakini kuunganika hakujaisha. Kunaendelea kwa saa 24 na zaidi. Mteja anayetoka kwenye kiti kwenda moja kwa moja kufua anautesa ukucha ambao bado haujapata nguvu zake zote. Hali ya hewa nayo ina mkono wake. Joto huharakisha kazi, baridi huichelewesha, hivyo fundi wa Njombe mwezi Julai husubiri kuliko mwenzake wa Tanga mwezi Februari, ambaye kijidonge kinaweza kumgandia kabla hajakitandaza.

Kipimo cha maji na unga ndicho roho ya kazi yote. Kijidonge kilicholowa mno hutiririka hadi kwenye ngozi, husinyaa zaidi kinaposhika, na huacha molekuli nyingi ambazo hazikuunganika. Kilicho kikavu mno hakiushiki vizuri ukucha wa asili, tena huacha viputo vya hewa na mabaka meupe ndani. Viputo hivyo si doa la urembo tu. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo kuliko inavyotazamiwa: mikwaruzo midogo sana hukusanya mkazo kwenye ncha zake, na ufa huanzia hapo. Akriliki ngumu ina tabia hiyohiyo. Kiputo kimoja mahali pabaya kinatosha.

Ukucha wa asili umeumbwa kwa namna tofauti kabisa, na inafaa kuustaajabia. Unene wake ni takribani nusu milimita tu, nao umejengwa kwa tabaka tatu za keratini. La kati, lililo nene kuliko yote, lina nyuzi zilizolala kukingama, kutoka upande mmoja wa kidole hadi mwingine. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walipima nishati inayohitajika kuzikata kucha kwa mkasi uliofungwa kwenye mashine. Kuukata ukucha kwa urefu, kuelekea shinani, kulihitaji nishati karibu mara 2 ya kuukata kukingama. Maana yake ni kwamba ufa unaoanzia pembeni hugeuzwa na zile nyuzi, ukapita upande hadi upande, na sehemu iliyoshikana na nyama ikasalimika. Akriliki haina nyuzi za kuuelekeza ufa. Ufa wake hufuata mkazo popote unapoupeleka, na kwa kuwa imeng'ang'ania ukucha, huweza kuuvuta nao.

Halafu kuna urefu. Ukucha mrefu ni wenzo, na egemeo lake ni ule mstari ambapo ukucha unaiacha nyama ya kidole. Ncha iliyozidi kidole kwa sentimita 2 ikikwama kwenye mlango wa daladala, nguvu ileile huleta kwenye egemeo mgeuko mara 4 ya ule ambao ungeletwa na ncha ya nusu sentimita. Fundi hujibu kwa unene: anajenga nundu ndogo, isiyoonekana sana kwa mbele lakini inayoonekana wazi ukucha ukitazamwa kwa ubavu. Kwa hesabu za uhandisi, unene ukiongezeka mara 2, uwezo wa kustahimili kupindwa huongezeka mara 4 hivi. Anayeisaga nundu ili ukucha uwe mwembamba na mzuri kwenye picha ameusaga pia uimara wake.

Nundu haikai ilipowekwa. Kucha za mikono huota takribani milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki 3 imesogea mbele milimita 2 hivi, na nyuma yake kumebaki ukucha mtupu, mwembamba, unaobeba wenzo wote. Kujazia kila baada ya wiki 2 hadi 3 kuna sababu hiyo kuliko kuficha pengo lililo karibu na ngozi.

Sasa mteja akae, taa isogezwe. Kama akriliki imebanduka kuanzia shinani siku ya tatu au ya nne, na ukingo wake unagusa ngozi au ulitiririkia pembeni, kosa ni la fundi; ukucha haukusafishwa mafuta na unyevu, au kijidonge kilikuwa maji mno. Kama ukucha mzima umechomoka, ugeuzwe uangaliwe chini. Ukiwa safi na unang'aa, haukushika tangu mwanzo, na hapo pia kosa ni la fundi. Ukiwa umebeba magamba meupe ya ukucha wa asili, ulishika vizuri, ila uling'olewa kwa nguvu: ulikwama mahali, au mwenyewe aliuchokonoa kwa meno akiwa mbele ya runinga. Kona iliyomeguka ncha tu ni kazi ya kopo la soda, sufuria inayokwanguliwa au mkanda wa kiti cha gari. Ufa uliokata kukingama kwenye egemeo unahitaji swali moja la ziada: ulijaziwa lini mara ya mwisho? Ukiwa wa wiki ya kwanza, nundu haikujengwa vizuri. Ukiwa wa wiki ya tano, mteja alichelewa, na aambiwe hivyo kwa upole huku akionyeshwa nundu ilipofika.

Fundi anayeonyesha namna hii hana haja ya kubishana. Anayekiri kosa lake na kurekebisha bure siku hiyohiyo hupata zaidi ya ile pesa ya kidole kimoja.

Matengenezo yenyewe yana kishawishi kikubwa, nacho ni kuupaka ufa akriliki mpya juu na kumaliza. Ufa uliozikwa haufi. Ncha yake bado inakusanya mkazo chini ya tabaka jipya, na baada ya siku chache mstari uleule hujitokeza tena. Fundi makini huufungua: anapitisha tupa au mashine kando ya ufa hadi unakuwa mfereji mpana wenye kuta zilizolala, anaufuata mpaka unapoishia, kisha anaondoa kila kipande kilichobanduka bila kukikwanyua. Mng'aro wote wa akriliki ya zamani unasagwa, vumbi linafutwa, mafuta yanakaushwa. Kijidonge kipya kinawekwa katikati ya mfereji na kusukumwa pande zote mbili. Maji ya kijidonge hicho hulainisha kidogo uso wa akriliki ya zamani, na minyororo mipya inapojijenga huingia ndani yake na kujifunga humo. Kama ncha imekatika yote, karatasi ya fomu inapachikwa chini ya ukucha na ncha mpya inajengwa juu yake. Mbinu ya Slack na alumini yake bado inafanya kazi.

Gundi ya dukani ni jambo jingine. Gundi kali, ile inayobandika vidole vya mtu kabla hajamaliza kufunga kifuniko, ni sianoakrilati, aina ambayo Harry Coover wa kampuni ya Kodak aliikuta mwaka 1942 na ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1958. Huganda kwa unyevu mdogo uliomo hewani na kwenye ngozi. Iko gundi ya kucha ya jamii hiyo, na kushikiza ncha kwa usiku mmoja hadi mtu afike saluni si dhambi. Hatari inakuja kwenye pamba: gundi hii ikimwagika juu ya pamba huganda kwa kasi na kutoa joto linaloweza kuunguza ngozi. Kuifuta kwa kipande cha pamba, jambo ambalo mkono hulifanya bila kufikiri, ni kujitafutia jeraha. Tena gundi iliyoziba ufa huufungia ndani unyevu na uchafu wote uliokwisha kuingia.

Kuna pia ukucha unaokataa kuvunjika, na huo ni mbaya zaidi. Baadhi ya maji ya bei ya chini hutengenezwa kwa methili methakrilati, ndugu wa ile ethili methakrilati, ambayo madaktari wa mifupa huitumia kwenye saruji ya kushikiza viungo bandia. Huganda ngumu na hung'ang'ania mno. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipokea malalamiko ya wateja walioumia kucha mapema miaka ya 1970, na mahakama ikahusika kuyaondoa maji hayo sokoni. Dalili zake fundi anaweza kuzitambua: harufu kali kupita kawaida, ugumu unaomaliza tupa, na ukucha unaobaki mzima hata baada ya kuloweka kwenye asetoni dakika 30. Ukikwama mlangoni, kinachoachia si akriliki. Ni ukucha wa asili unaong'oka kwenye nyama.

Ikifika hapo, fundi aweke brashi chini. Damu ikitoka, au ukucha ukiwa umeachana na nyama, hakuna akriliki inayowekwa. Kidonda kisafishwe, kifunikwe, na mteja aende kituo cha afya. Tupa ya karatasi iliyogusa damu itupwe, na vifaa vya chuma vitakaswe ipasavyo, kwa maana virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Baka la kijani chini ya akriliki iliyobanduka nalo lisifunikwe. Wengi huliita fangasi, lakini mara nyingi ni bakteria Pseudomonas aeruginosa, wanaostawi kwenye unyevu ulionaswa, na rangi ile ni yao wenyewe. Akriliki itolewe, ukucha ukaushwe, daktari auone.

Mteja anayelalamika kuwashwa, ngozi kuvimba na kutoa malengelenge kuzunguka kucha, au hata kwenye kope anazozigusa, huenda ameshapata mzio wa methakrilati. Chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa onyo kuhusu jambo hilo mwaka 2018. Mzio huo kwa kawaida haumtoki mtu, na unaweza kumletea shida atakapohitaji kuziba jino au kuwekewa kiungo bandia, kwa kuwa vifaa hivyo hutumia kemikali za ukoo huohuo. Huyu hapaswi kurekebishiwa hata kona. Fundi mwenyewe yumo hatarini kuliko mteja yeyote, yeye anayegusa maji na kuvuta vumbi kutwa nzima. Glavu za nitrili zibadilishwe mara kwa mara, barakoa ivaliwe wakati wa kusaga, na dirisha libaki wazi.

Kwa aliyeng'oka ukucha wa asili, jibu la kweli ni muda. Ukucha mpya huchukua takribani miezi 6 kufika mwisho wa kidole, na katika miezi hiyo kinachofaa ni kuukata mfupi, kuupaka mafuta, na kumwandikia mteja tarehe ya kuja kuutazama, bila malipo.