Kabla ya kununua kiwanja, angalia udongo

Mama mpendwa, siku ya kupima watoto tunaongea juu ya uji, malaria na chanjo. Leo tuongee juu ya kiwanja. Mtoto mwenye kilo nzuri anaweza kufa usiku mmoja kama nyumba imejengwa mahali pabaya.

Tangu vita ya 1996 watu wengi wamekimbilia Bukavu. Mji umejaa, na watu wanajenga hata kwenye mitelemko mikali na kando ya mito. Huko kiwanja ni bei chini. Ujiulize kwa nini.

Bwana Yesu alisema juu ya nyumba ya mchangani (Matayo 7). Kwetu si mchanga, ni udongo mwekundu wa utelezi. Mvua ikizidi, udongo unakunywa maji, unakuwa mzito, kisha unashuka. Funu, katika Kadutu, iko juu ya mporomoko wa zamani sana, na mpaka leo ardhi ile inatembea polepole. Ukuta unapasuka, fundi anapiga simenti, kisha unapasuka tena. Simenti haiwezi kushika kilima!

Kwa hiyo usimwache baba aende peke yake na komisionere. Enda naye, tena siku ya mvua. Miti imeinama? Kuta za majirani zina nyufa, milango yao haifungi vizuri? Hapo usiweke pesa. Uliza mama mzee wa jirani maji yanafikaka wapi. Yeye hauzi kitu. Karatasi ya kadastre ni ya lazima, lakini karatasi haizuii udongo.

Kando ya mto hatari ni nyingine. Kule Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake, ukabeba nyumba na watu. Mto unaovuka kwa miguu wakati wa kiangazi unaweza kujaa haraka sana mvua ikinyesha milimani.

Na kama umekwisha kujenga? Wengine hawana pengine pa kwenda, nafahamu. Usikate kilima nyuma ya nyumba ili upate nafasi ya jiko. Maji ya mabati uyapeleke kwa mfereji mpaka chini (si kwa jirani!), yasiingie katika udongo. Watoto wasilale upande wa kilima. Usiku wa mvua, ukisikia ukuta unalia ama ukiona ufa mpya, beba watoto, toka mara moja. Vyombo uviache.