Sura ya Nne: Mtoto Asiyewekewa Matanga

Siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua, maziwa huja. Kondo la nyuma likishatoka, homoni iliyokuwa ikiyazuia hushuka, na matiti hujaa hata kama mtoto amekwisha kuzikwa. Mama hajaandaliwa kwa hili. Basi aambiwe mapema: avae sidiria inayomshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, akamue kidogo tu ili kutuliza maumivu. Asijikaze kifua kwa khanga. Akipata homa, aende kituo cha afya.

Shirika la Afya Duniani huhesabu mtoto aliyezaliwa mfu kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Duniani hutokea vifo kama milioni 2 kila mwaka, na zaidi ya asilimia 40 ya watoto hao hufariki uchungu ukiwa umeshaanza. Yaani wengi walikuwa hai uchungu ulipoanza. Sababu ni uchungu uliokawia, kifafa cha mimba, kaswende, malaria, kondo lililoachia mapema. Ndoo ya maji aliyobeba mama haimo, wala maneno aliyorushiana na wifi yake.

Akifa mtu mzima hapa Ngerengere, mkoani Morogoro, kila mtu anajua la kufanya: jamvi, michango, wanaume nje, wanawake ndani. Mtoto aliyezaliwa mfu, katika jamii nyingi za pwani na za bara, huzikwa haraka na watu wachache, mara nyingi wanawake peke yao, na mama huambiwa asilie, Mungu atampa mwingine. Utafiti wa Rachel Haws na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta wanawake vijijini kusini mwa Tanzania wakiificha misiba hii hata kwa watafiti. Mama huyu alistahili arobaini mbili, ya uzazi na ya msiba. Hapati hata moja: hapikiwi uji wa mzazi, wala hapewi pole ya mfiwa. Naliona hili ni dhuluma, hata linapotendwa kwa huruma.

Dini hazidai ukimya huo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Tanzania, mtoto aliyetimiza miezi minne tumboni huoshwa, hukafiniwa na huzikwa hata kama hakuonyesha dalili ya uhai, ingawa hasaliwi. Kumpa jina ni jambo linalopendekezwa. Kwa Wakatoliki, tume ya wanateolojia ya Vatikani iliandika mwaka 2007 kwamba lipo tumaini la wokovu kwa watoto waliokufa bila ubatizo.

Na mila zina nafasi yake. Mluguru huzaliwa ndani ya ukoo wa mama na huchukua mtala, yaani jina la ukoo, kutoka upande wa baba. Ukimpa mtoto huyu jina, unamrudisha kwa pande zote mbili, na baba, ambaye pengine hakuonyeshwa hata kaburi, anapata mahali pa kushika. Mama aulizwe kama anataka kumwona na kumpakata; asilazimishwe, wala asikatazwe. Khanga aliyofunikwa mtoto itunzwe, au picha ipigwe kwa simu. Kenya, Wanjiru Kihusa, aliyepoteza mimba mwenyewe, alianzisha shirika la Still A Mum ili wazazi kama hawa wapate wa kuzungumza nao. Ngerengere anatosha jirani anayekuja na uji na kuuliza: mlimwita nani?

Kumtaja kuna faida nyingine. Kwenye mimba inayofuata, muuguzi wa kliniki atauliza hii ni mimba ya ngapi na watoto walio hai ni wangapi. Mama aliyefundishwa kuficha hujibu pungufu. Akimtaja, atafuatiliwa kwa karibu na kushauriwa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, na familia itaanza kuweka nauli ya Morogoro mjini miezi kadhaa kabla ya uchungu.