Pini Iliyogoma
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikitaka cha mvunguni nikiwa nimesimama wima, tena na nyundo mkononi! Hebu sikiliza yaliyonipata likizo ya Agosti.

Babu yangu ana gari aina ya Volkswagen Beetle la mwaka wa 1967. Vijana wa kwetu huliita Kobe kwa sababu ya mgongo wake wa mviringo. Wasilidharau. Magari ya aina hiyo yaliibuka mshindi katika mashindano ya Safari mwaka wa 1954, 1957 na 1962. Tena, hadi kiwanda cha Mexico kilipoacha kuyaunda mwaka wa 2003, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani.

Basi Jumapili moja tulikuwa tukirudi kutoka kanisani. Tulipopita penye mashimo, mlango wa abiria ulifunguka wenyewe, pwaa! Dada yangu mdogo alikuwa ameketi hapo. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikamdaka kwa ukosi wa rinda. Babu alisimamisha gari, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hakuna mtu atakayekaa upande huu tena mpaka mlango utengenezwe."

Tulipochunguza, tuliona kuwa pini ya bawaba ya juu ilikuwa imelika katikati. Mlango ulikuwa umening'inia, na kitasa hakikuwa kikishika sawasawa. Dawa ilikuwa moja tu: kutoa pini kuukuu na kutia mpya. Nikajiambia, kazi gani hiyo? Nikachukua nyundo ya kupasulia mawe, nikaanza kuitwanga ile pini kutoka chini. Nilitwanga mpaka jasho likanitoka. Kumbe nilikuwa nikiharibu! Ncha ya pini ilichanuka kama uyoga, ikawa nene kuliko tundu lenyewe. Sasa hata ingelegea, isingepita.

Babu hakunigombeza. Alinituma kwa fundi mmoja wa jua kali pale sokoni. Alipoiona pini, fundi alitikisa kichwa. "Kijana, umepigana na kitu usichokijua. Unajua kwa nini imegoma?"

Nikanyamaza. Akanieleza. Kati ya pini na tundu lake kuna nafasi nyembamba sana. Maji ya mvua huingia humo, chuma kikashika kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza kikawa kutu. Kwa hivyo hujaza ile nafasi na kuibana pini pande zote. Kuigonga ncha kwa nyundo kubwa bila kulegeza kutu ni kuinenepesha pini tu.

Nikataka kuonyesha kuwa nimesoma. Nikamwambia tuipashe moto wa gesi, kwani katika Fizikia tumefunzwa kuwa chuma hutanuka kikipata joto, na tundu nalo hupanuka. Fundi akacheka. "Umesoma vizuri. Lakini hebu niambie, tangi la petroli la gari hili liko wapi?" Nikamwonyesha nyuma. "Huko nyuma kuna injini. Tangi liko mbele, chini ya boneti, karibu na bawaba hizi. Ukileta moto hapa, babu yako atakosa gari na mjukuu pia." Lo! Nilihisi baridi mgongoni.

Kazi yenyewe tuliifanya hivi. Kwanza, tuliufungua mlango kidogo, tukauinua kwa jeki iliyowekewa ubao na matambara juu yake. Uzito wa mlango ukiilemea pini, pini haitoki ng'o. Pili, tulisugua bawaba kwa brashi ya waya hadi tukaona pini ina kichwa upande wa juu. Hilo ni jambo la kuangalia kabla ya kugonga, kwani pini yenye kichwa hutoka kwa upande wa kichwa tu. Tatu, fundi alichukua tupa akaparaza ule uyoga wangu mpaka ncha ikarudi kuwa nyembamba.

Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Alichanganya mafuta ya taa na oili nyepesi, akanipa kichupa. Kwa siku tatu, asubuhi na jioni, nilidondosha matone juu na chini ya bawaba, nikaigongagonga kwa nyundo ndogo ili mtikisiko uyasaidie mafuta kupenya. Haba na haba hujaza kibaba, ati.

Siku ya nne fundi alirudi. Alivaa miwani ya kukinga macho, akanipa nyundo nzito niishikilie imara upande wa pili wa bawaba ili mwili wa gari usipindike. Akaweka panchi fupi, nyembamba kidogo kuliko pini, chini ya ncha. Akapiga mara moja, kwa nguvu na kwa shabaha. Kimya. Akapiga tena. Mara ya tatu tulisikia "tak!" na pini ikasogea. Alibadilisha akatumia panchi ndefu, na pini ikatoka yote, nyeusi, imelika katikati kama mfupa uliotafunwa.

Nilimwuliza, je, ingekataa kabisa? Akasema wangeitoboa katikati kwa keekee, kuanzia msumari mdogo hadi mkubwa, mpaka ibaki ganda linalovunjika. Hiyo ni njia ya mwisho.

Tulisafisha tundu, tukapaka grisi, tukatia pini mpya. Mlango ukafunga kwa sauti tamu. Sasa kila ninapofika nyumbani hutia matone ya oili kwenye bawaba zote nne, maana bawaba yenye mafuta haishiki kutu upesi. Dada amerudi kwenye kiti chake, ila bado hushika mkono wa mlango tukifika penye mashimo yale.

Ile pini kuukuu ninayo hapa shuleni, ndani ya sanduku langu. Ninapotaka kulitwanga jambo gumu kwa hasira, huitoa nikaitazama pale ncha ilipochanuka. Mwenzangu, kabla ya kuinua nyundo, uliza kwanza kilichogoma kimegomea nini.