Tiba Shufaa (2): Hofu ya Morfini Inavyowatesa Wagonjwa Wetu

Wiki iliyopita tulieleza kwamba tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, inatakiwa ianze tangu ugonjwa mzito unapogundulika, ikienda sambamba na mionzi, dawa za saratani au ARV. Leo tuingie kwenye maumivu.

Aliyewahi kuuguza saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa anajua ninachokisema. Mgonjwa halali, chakula hakipiti, na mjukuu akigusa tu kitanda bibi anapiga kelele. Panadol na diklofenaki zimeshashindwa. Watu wa nyumbani wanaambiana, "Saratani ndivyo ilivyo," kisha wanakaa kusubiri.

Sivyo ilivyo. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani ngazi kwa ngazi, na ngazi ya juu kabisa ni ya morfini na dawa za jamii yake. Maumivu mengi ya saratani hutulizika. Mgonjwa akiendelea kulia, mara nyingi ni kwa kuwa dawa haikuandikwa, haikuwepo, au ndugu waliikataa.

Majirani zetu wa Uganda wametangulia. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Huko unga wa morfini huchanganywa na maji, ukatiwa kihifadhi na rangi, ukajazwa kwenye chupa za plastiki. Mgonjwa anakunywa mwenyewe kwake, bila sindano. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika dawa hiyo, maana kijijini daktari ni wa kutafutwa. Kwa maoni yangu, ruhusa hiyo ina thamani kuliko jengo lolote la hospitali.

Namna ya kuitumia haina ugumu. Morfini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo hunywewa kwa saa: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku mara nyingi huagizwa dozi maradufu ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Msingoje maumivu yarudi ndipo mumpe. Yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Siku za mwanzo atasinzia, pengine na kichefuchefu, kisha mwili huzoea. Kufunga choo hakuzoeleki, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja na morfini. Ikisahauliwa, idaini.

Hofu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kwamba morfini inaua. Dozi ikianza ndogo na kuongezwa taratibu kwa kufuata maumivu, chini ya mtaalamu, haiharakishi kifo. Wengi huiona inaua kwa sababu huletwa siku mbili kabla ya mauti, wakati ingeletwa miezi mingi nyuma. Mwenye ugonjwa wa figo huhitaji uangalizi zaidi, na chupa ya mgonjwa mmoja haigawiwi kwa mwingine. Ya pili ni uraibu. Mgonjwa anayeitumia kwa maumivu, kwa kipimo alichoandikiwa, ni nadra kuwa mraibu. Na maumivu yakipungua, kwa mfano baada ya mionzi, dozi hupunguzwa kidogo kidogo.

Wako wanaosema kuvumilia ni sehemu ya ibada. Naiheshimu subira yao, ila sijui dini ya kwetu inayomkataza mgonjwa dawa.

Ewe msomaji, siku mtakapoambiwa, "Mrudisheni nyumbani mkamuuguze," msiondoke na karatasi ya ruhusa peke yake. Muulizeni daktari: mgonjwa wetu ameandikiwa nini cha maumivu, tutaipata wapi ikiisha, na usiku akizidiwa tumpigie nani?